Mita ya Volti Haikuambii Betri ya Boti Imebaki na Nini

"Betri zangu zimejaa, mita inasoma 12.7." Kauli hii naisikia kwa wenye boti kila siku, na nikiwauliza wamesoma lini, ni dakika chache tu baada ya kuzima injini. Hapo oltaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri, imetoka kusukuma volti 14 na ushei, kwa hiyo unasoma chaji ya juu juu tu. Betri ya asidi iache saa kadhaa bila mzigo wala chaji, ndipo 12.7 iwe na maana. Na ikifika karibu 12.2, nusu imeshakwenda! Nusu ya betri imejificha ndani ya nusu volti. Friji nayo ikianza kuvuta, volti inashuka hata kama betri imejaa. Lithiamu ndiyo usiseme: hukaa kwenye 13.2 hivi kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huporomoka ghafla.

Badala ya volti, pima ampea zinazoingia na kutoka. Funga shanti, kipande cha ukinzani mdogo ambacho mita husoma ampea kupitia kwake, kwenye waya wa hasi, na nasisitiza: kwenye hasi ya betri ubaki waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye shanti. Chaja, sola, pampu ya ngamani (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti), hasi za vyote zifungwe upande wa pili wa shanti. Fundi akichomeka waya mmoja moja kwa moja kwenye betri, hesabu yote imeharibika. Kuhakikisha ni rahisi: zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja ukitazama ampea. Taa ikiwaka na mita ya shanti haijasogea, waya wake umeikwepa shanti. Nati nazo zikazwe vizuri, maana kipimo chenyewe ni kidogo mno: shanti inayotoa milivolti 50 kwa ampea 500 hutoa nusu milivolti tu friji inapovuta ampea 5.

"Asilimia 100" kwenye mita ya shanti si ushahidi. Mita hupiga hesabu kwa ukubwa wa betri ulioiandikia. Betri ikichakaa, mita haina habari.

"Betri ya ampea-saa 100 inanipa 100." Kipimo hicho kwa kawaida ni cha ampea 5 kwa saa 20. Ukivuta kwa nguvu unapata pungufu, na ya asidi usiizoeze kushuka chini ya nusu.

"Inveta isiyo na mzigo haili umeme." Inakula! Kifaa hiki kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani kikiwa kimewashwa tu, huvuta. Ikivuta ampea 1 tu, saa 12 za usiku zimeondoka na ampea-saa 12. Izime kabla ya kulala.