Kikao cha leseni ni cha hadhara: ndugu zako wana haki ya kuingia

Dereva akikamatwa Honolulu, jimbo la Hawaii, kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa amelewa, huandamwa na mashauri mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kesi ya jinai mahakamani, ambayo kila mtu huiogopa. La pili huanza pale pale polisi wanapoichukua leseni na kumkabidhi karatasi: ni taarifa ya kufutiwa leseni, na hapo hapo ni kibali cha kuendesha kwa siku 30. Wengi huitia mfukoni bila kuisoma, na hilo ndilo linalotuumiza sisi tunaotoa msaada wa kisheria, maana saa imeshaanza kuhesabu.

Kwa tuhuma za pombe, ofisi inayohusika hulipitia faili na kutoa uamuzi wa maandishi ndani ya siku 8. Dereva asiporidhika, ana siku 6 tangu uamuzi utumwe kwa posta kuomba kikao cha kusikilizwa, na kikao hicho kinatakiwa kuanza ndani ya siku 25 tangu apewe ile taarifa ya kwanza. California nako, ukishapewa taarifa una siku 10 tu za kuomba kusikilizwa. Kila jimbo lina hesabu yake, kwa hiyo soma karatasi yako wewe, usifuate ya jirani aliye jimbo jingine.

Kwa Waswahili wengi walioko Marekani leseni ndiyo mkate wa watoto. Anayeendesha lori kwa leseni ya kibiashara, akitiwa hatiani kwa ulevi au akikataa kupuliza kipimo, sheria ya shirikisho humzuia kuendesha lori kwa mwaka mzima, hata kama siku hiyo alikuwa kwenye gari lake dogo la nyumbani. Akirudia, anaweza kufungiwa maisha. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuona uzito huu mwaka 1971, katika shauri la mhubiri wa Georgia ambaye huduma yake ilimlazimu kuendesha gari kuwafikia waumini wa vijijini. Ilisema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu leseni bila kumpa nafasi ya haki ya kusikilizwa.

Sasa, kusikilizwa mbele ya nani? Kikao cha leseni hakifanani na mahakama. Huko Hawaii hakuna mwendesha mashtaka: kuna afisa anayesikiliza, maelezo ya polisi waliyoyatoa kwa kiapo, dereva, wakili wake kama anaye, na kinasa sauti. California, mahakama ya rufaa ilibidi iseme mwaka 2022 kwamba afisa mmoja hawezi kuwa mtetezi wa idara na hapo hapo akawa mwamuzi wa shauri lile lile. Mambo yakiwa mikononi mwa watu wachache namna hiyo, macho ya watu wa nje yana kazi kubwa. Afisa anayejua kuna watu wameketi nyuma wanamtazama hupata sababu ya kueleza uamuzi wake kwa utaratibu, na shahidi hupima maneno yake.

Hapo ndipo suala la ulinzi mlangoni linapoingia. Katika ofisi ya Hawaii, mtu aliyetaka kuhudhuria kikao alitakiwa kuonyesha kitambulisho na kuandika jina lake kitabuni. Mawakili wa madereva walipinga, wakisema kikao cha namna hiyo si cha hadhara tena. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2004, nayo ikakubali kwamba dereva ana haki ya kusikilizwa hadharani, kisha ikalirudisha suala la vitambulisho lichunguzwe upya: je, kuna sababu ya kweli ya kiusalama? Mwaka 2005 lilirudi mbele yake, na utaratibu ule ukaachwa uendelee. New York mambo yalikuwa tofauti. Idara ya usafiri wa jiji iliruhusu watazamaji wafukuzwe kwenye vikao vya faini za abiria endapo abiria mwenyewe angewakataa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliukataa utaratibu huo mwaka 2011, kwa kuwa vikao hivyo, ingawa ni vya ofisi, vilikuwa vikifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mahakama ya jinai.

Kwa maoni yangu tofauti ni hii: kukagua mikoba, kuzuia silaha na kumtoa anayeleta fujo ni ulinzi. Kumrudisha mtu kwa sababu afisa hapendi kutazamwa ni kufunga mlango, hata akifanya hivyo kwa upole.

Najua kitambulisho kinawatia hofu baadhi yetu ambao karatasi za uhamiaji hazijakamilika. Hofu hiyo ina msingi. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya siku ya kikao, na kamwe usionyeshe hati ya mtu mwingine.

Ndugu yako akizuiwa mlangoni, usinyamaze ukapanga kulalamika baadaye. Kinasa kikishawashwa, sema kwa sauti: fulani amekuja kuhudhuria, amezuiwa, sababu iliyotolewa ni hii, nami napinga. Mwombe afisa aeleze sababu yake ili irekodiwe. Huko Hawaii una siku 30 za kupeleka uamuzi mahakamani, na hakimu atapitia kumbukumbu za kikao tu. Hatasikiliza ushahidi mpya. Manung'uniko ya kwenye maegesho hayatamfikia.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani katika barua ile ile ya kuomba kikao, na ubaki na nakala.