Kwa nini meseji ya simu haikutosha kuwarudisha wanawake kliniki?

Je, wajua kwamba watafiti waliwahi kutumia meseji kuwahimiza wanawake warudi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na meseji hizo hazikubadilisha kitu? Jaribio lilifanyika hapa Moshi, hospitali ya KCMC, na Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Lilihusisha wanawake 705 waliokutwa na HPV, kirusi kinachosababisha karibu visa vyote vya saratani hiyo. Kundi moja lilitumiwa meseji za kuelimisha, jingine halikuzipata. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliorudi ni asilimia 24.0 kwa kundi la meseji na asilimia 23.8 kwa lile jingine.

Kwanza, warudi kufanya nini? Kukutwa na HPV si kuwa na saratani. Mara nyingi mwili hukifukuza kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa yule ambaye kirusi kimeng'ang'ania mwilini mwake, na hata hapo saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20 kujitokeza, au miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Kwa hiyo aliyekutwa na HPV anaambiwa arudi baadaye ionekane kama kirusi bado kipo.

Sasa chukua mama wa Rombo au Kibosho juu. Haumwi popote. Kurudi mjini ni nauli ya kushuka na kupanda, foleni ya asubuhi nzima, na siku ya soko imepita ndizi hazijauzwa. Huenda na simu yenyewe ni ya mume, naye ndiye anayesoma meseji kwanza. Tumezoea kusema wanawake hawaji kwa sababu hawana elimu. Lakini hawa walishakuja mara moja, kwa miguu yao! Mimi nadhani hapo ndipo dhana yetu inapovuja.

Ndiyo maana kupunguza safari kunanivutia kuliko kuongeza meseji. Kwa kipimo cha siki, mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Ikifaa, hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kuchoma kwa joto. Hapo safari ya pili ya kufuata matibabu haipo.

Njia nyingine ni mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba au brashi laini. Vipimo vya kunasa vinasaba vya HPV hukigundua kirusi kwenye sampuli hiyo karibu sawa na ile iliyochukuliwa na muuguzi, na Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii. Aibu ya kupanda kitandani mbele ya mtu inaondoka, na sampuli inaweza kuchukuliwa kijijini. Ila atakayekutwa na kirusi bado atalazimika kushuka mjini, isipokuwa zahanati ya jirani iwe na vifaa na mtu aliyefundishwa kuvitumia.