Roketi ya bei nafuu: gharama inapunguzwa wapi?

Vijana wengi hapa Tabora wakifika kwenye banda letu la maonyesho wanauliza, kama setilaiti siku hizi unaibeba kwa mkono mmoja, kwanini kuirusha bado ni hela nyingi hivyo. Swali zuri sana. Setilaiti ndogo ya aina ya kyubusati ni boksi la sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja na kidogo, lakini ili izunguke dunia bila kuanguka lazima ifikishwe spidi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, na hiyo spidi haipungui eti kwa vile mzigo ni mwepesi. Ndo maana kwenye kila kilo 10 za roketi inayonyanyuka, karibu kilo 9 ni mafuta na oksijeni. Wajapani mwezi wa pili 2018 walirusha roketi yao SS-520, fupi kuliko mita 10, ina uzito wa zaidi ya tani 2, na ilichopeleka juu ni kilo 3 tu!

Sasa gharama kubwa iko kwenye injini, hasa pampu ya kusukumia mafuta na oksijeni. Injini za kawaida za mafuta ya kimiminika pampu yake inazungushwa na tabo (gurudumu la mapanga) inayosukumwa na gesi ya moto, yani huku moto mkali, huku oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri, vyote karibu karibu na vinazunguka makumi ya maelfu kwa dakika. Kuitengeneza isipasuke kunakula miaka. Kampuni ya Rocket Lab kwenye roketi yao Electron wakaitoa hiyo tabo kabisa wakaweka mota za umeme na betri za lithiamu. Betri ni nzito kweli, kwahiyo kule juu zikiisha chaji baadhi zinatupwa njiani. Injini zenyewe sehemu kubwa zinachapwa kwa printa zinazochapa chuma, 9 chini na moja hatua ya pili (kipande cha juu kinachowaka baada ya cha chini kuachwa), zote za familia moja. Kwangu mimi hapo ndo penye ubunifu, karakana inarudia kitu kilekile mpaka inakijua vizuri. Electron inabeba kama kilo 300.

Kupandia roketi kubwa pamoja na wengine ni bei nafuu zaidi kwa kilo, nakubali, ila ni kama treni ya Kigoma, inakushusha stesheni sio mlangoni kwako. Mwenye setilaiti anayetaka obiti (njia ya kuzunguka dunia) yake maalum atalipa zaidi.

Na kurushia hapa hapa? Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, dunia inakupa bure kama kilomita 1,660 kwa saa ukirusha kuelekea mashariki, lakini vipande vya hatua ya kwanza vingedondokea kwa watu huko Dodoma na Morogoro. Waitaliano walikwepa hilo kwa jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, kwa roketi ya Kimarekani Scout ya mafuta magumu, yani sio ya kimiminika, haina pampu hata moja. Rahisi, ila mafuta magumu yakishawaka huwezi kuyazima, kwahiyo wadogo zangu nawaomba sana msichanganye mafuta ya roketi nyumbani, njooni tuanze na hesabu za uzito na spidi.