Kwa nini mwezi hupatwa usiku wa Pasaka

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 28 Septemba 2015, nilikuwa juu ya paa la nyumba tuliyopanga Dar es Salaam, nikiutazama mwezi ukimezwa na kivuli cha dunia upande wa magharibi. Ilipofika saa 11:11 ulikuwa umeingia wote kivulini, rangi yake kama shaba kuukuu, na kabla haujatoka humo ukatua nyuma ya nyumba za jirani huku mashariki kumekwisha kupambazuka. Chini uani alisimama jirani yangu, mzee wa kanisa, na simu mkononi. "Mwalimu," akaniita, "huu ndio wa nne. Sasa imetimia."

Ujumbe aliokuwa ameupokea, ambao bila shaka na wewe ulikufikia kwa njia moja au nyingine, ulidai kwamba mwezi umepatwa kikamilifu mara nne mfululizo katika sikukuu za Wayahudi: Pasaka ya 15 Aprili 2014, Vibanda ya 8 Oktoba 2014, Pasaka ya 4 Aprili 2015 na Vibanda ya siku ile ile tuliyokuwa tunaizungumzia. Mfululizo wa kupatwa kikamilifu mara nne, iwe kwenye sikukuu au la, wanajimu huuita tetradi. Ujumbe uliunganisha jambo hilo na unabii wa Yoeli kuhusu mwezi kugeuka damu, na kuhitimisha kwamba taifa la Israeli lilikuwa karibu kupatwa na jambo kubwa. Tarehe zenyewe zilikuwa sahihi, isipokuwa kwamba kupatwa kwa Oktoba 2014 kulitokea mchana wa mkesha wa sikukuu, saa chache kabla haijaingia. Kilichohitaji kuchunguzwa ni mshangao wenyewe.

Mwezi hauwezi kupatwa isipokuwa ukiwa mpevu, kwa kuwa ni siku hiyo tu ambapo dunia hukaa kati yake na jua. Pasaka huanza tarehe 15 ya mwezi wa Nisani na Vibanda huanza tarehe 15 ya Tishri, na kwa kuwa miezi ya Kiyahudi huhesabiwa kwa mwandamo kama ile ya Kiislamu, tarehe 15 ni siku ya mwezi mpevu au hukosea kwa siku moja hivi. Mtu wa pwani aliyezoea kuona bamvua katikati ya mwezi wa Shaabani hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mwaka wa kawaida una miezi mipevu 12, na miwili kati yake imekwisha kukaliwa na sikukuu hizi mbili, hivyo kwa hesabu ya kawaida kupatwa kumoja katika kila sita hivi kutaangukia mojawapo.

Kwa nini basi ziwe nne mfululizo? Hapa ndipo hesabu inaponoga. Njia ya mwezi imeinama kwa takribani nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia, na ndiyo maana miezi mipevu mingi hupita juu au chini ya kivuli. Nafasi ya kupatwa hurudi kila baada ya siku 173 hivi, nayo miezi sita ya mwandamo ni siku 177, tofauti ndogo inayomwezesha mwezi, ukiwa mpevu tena kwa mara ya sita, kuwa bado karibu na kivuli. Tofauti hiyo hujilimbikiza, na baada ya hatua chache, mfululizo hukatika. Sasa ihesabu miezi ya Kiyahudi kwa vidole: Nisani siku 30, Iyari 29, Sivani 30, Tamuzi 29, Avu 30, Eluli 29. Jumla ni 177 kamili, kila mwaka, bila kubadilika. Mwezi ukipatwa Pasaka, kupatwa kunakofuata katika mfululizo huo hakuna pa kwenda ila Vibanda.

Linalobaki kuwa la bahati ni safari ya kurudi, kutoka Vibanda hadi Pasaka. Kalenda ya Kiislamu huiacha Ramadhani irudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, lakini Wayahudi wanaitaka Pasaka ibaki katika majira ya kuchipua, kwa hiyo katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa 13, yaani Adari ya pili, mara 7. Mwaka ukiwa na mwezi huo, kutoka Vibanda hadi Pasaka ni miezi saba, na mfululizo unapishana na sikukuu. Mwaka wao wa 5775, uliokuwa katikati ya tetradi ile, haukuwa nao. Muujiza wote umesimama juu ya nguzo hiyo moja, nayo iko hivyo katika miaka 12 kati ya 19.

Jirani alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na 1948 je? Na 1967?" Swali hilo nalipenda, maana linapimika. Israeli ilitangazwa Mei 1948, ilhali tetradi ilianza Aprili 1949. Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na tetradi ikaja 1493. Vita vya Siku Sita vilianza Juni 1967, baada ya kupatwa kwa kwanza kwa Aprili. Ishara ambayo mara hutangulia jambo na mara hulifuata kwa mwaka mzima inamwonya nani? Karne ya 20 ilikuwa na tetradi tano, na hakuna hata moja iliyoangukia kati ya 1939 na 1945, miaka ambayo, kama mbingu zingetaka kusema neno kuhusu Wayahudi, ndiyo ingestahili kuliko yote. Zaidi ya hayo, kati ya kupatwa kule kunne, mara tatu kilele kilifika Yerusalemu jua likiwaka: saa 4:46 asubuhi, saa 7:55 mchana na saa 9 alasiri. Hakuna aliyeweza kukuona kutoka huko.

Mwezi ulipatwa tena kikamilifu tarehe 14 Machi 2025, siku ya Purimu, sikukuu nyingine ya Wayahudi, na miezi sita baadaye, tarehe 7 Septemba, ukapatwa mbele ya macho yetu Afrika Mashariki kuanzia saa 2:31 usiku, ukiwa mwekundu kwa zaidi ya saa nzima. Usiku huo wa pili uliangukia katikati ya Eluli, ambako hakuna sikukuu, na sikupokea ujumbe hata mmoja.

Tetradi inayofuata ni ya 2032 na 2033. Kupatwa kwake kwa kwanza na kwa pili kutaikosa Pasaka na Vibanda kwa mwezi mmoja, kisha Adari ya pili itaingia, na kule kwa tatu kutatua juu ya Pasaka. Jirani yangu alitaka tarehe, nami nikamwandikia nyuma ya kalenda yake ya ukutani: 14 Aprili 2033, saa 4 usiku, masika yakituruhusu.