Je, wajua kwa nini injini ya gari dogo imekingama chini ya boneti?

Fungua boneti ya gari dogo la kisasa uangalie injini ilivyokaa. Haielekei mbele kama dereva anavyoelekea. Imekingama: ncha moja inatazama gurudumu la kushoto, nyingine inatazama la kulia, na giaboksi imebanana nayo ubavuni. Kisha fungua ya lori, au ya gari kubwa la kazi ngumu. Huko injini imelala kwa urefu, kuanzia kwenye rejeta kuelekea alipo dereva, na giaboksi iko nyuma yake.

Ukiuliza nani aliyeigeuza injini namna hii, mara nyingi utajibiwa: ni Mini ya Waingereza, mwaka 1959. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mini ndiyo iliyoishawishi dunia kwamba jambo hili linawezekana, ila mpangilio uliomo ndani ya karibu kila gari dogo la leo haukutoka kwake. Ulitoka kwenye gari la Kiitaliano ambalo wengi hawajawahi hata kulisikia, gari lililoingizwa sokoni kwa jina la kampuni ndogo ili likishindikana lisimchafulie jina mwenye mali.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Mwaka 1891 kampuni ya Ufaransa, Panhard et Levassor, iliweka injini mbele, giaboksi nyuma yake, na nguvu ikapelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Mpango huo ukawa kama sheria kwa watengenezaji wengi kwa zaidi ya nusu karne. Unafanya kazi vizuri, lakini unakula nafasi. Injini ndefu na giaboksi zikipangwa kwa mstari hulazimisha pua ya gari iwe ndefu. Propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, inapita chini ya sakafu hadi difu ya nyuma, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kwa hiyo katikati ya gari panabaki lile tuta ambalo abiria wa katikati analikalia miguu huku na huku. Isitoshe, shafti hiyo inazunguka kufuata urefu wa gari ilhali magurudumu yanazunguka kufuata upana wake, hivyo ndani ya difu nguvu inabidi ipige kona ya nyuzi 90. Kazi hiyo inahitaji gia za umbo la koni, ambazo kuzichonga na kuzipanga sawasawa kuna gharama.

Mtu yeyote anaona dawa yake: magurudumu ya mbele yavute, na injini ikingame ili izunguke uelekeo uleule wa magurudumu. Kona inakufa, propela shafti inakufa, tuta linakufa. Na watu waliliona mapema sana. Mmarekani J. Walter Christie alishiriki mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa mwaka 1907 akiwa na gari la namna hiyo hasa, injini imekingama mbele na magurudumu ya mbele yanavuta. Mwaka 1931 DKW ya Ujerumani ilianza kuuza F1, kigari cha injini ndogo ya silinda mbili iliyokingama. Basi kama wazo lilikuwepo tangu zamani, kilichochelewesha ni nini?

Kilichochelewesha ni jointi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kujikunja. Gurudumu la mbele lina kazi mbili zisizopatana: linakata kona kwa amri ya usukani, na hapohapo linapaswa kuzungushwa na injini. Shafti inayoliendesha lazima ijikunje bila kuacha kuzunguka. Jointi ya kawaida ya msalaba, ile iliyoko kwenye propela shafti, ina kasoro moja ya kimaumbile. Ikiwa imenyooka, upande wa pili unazunguka kwa kasi sawa na upande wa kwanza. Ikikunjwa, upande wa pili huharakisha na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko mmoja, hata kama upande wa kwanza umetulia kabisa. Kwenye propela shafti pembe ni ndogo na mtikisiko hausikiki. Kwenye gurudumu lililokatwa kona kali, dereva anausikia mikononi: usukani unarusharusha, matairi yanalika, na jointi yenyewe haidumu.

Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa alibuni jointi ya aina nyingine, yenye gololi za chuma zinazotembea ndani ya mifereji iliyopinda. Siri yake ni kwamba gololi zote hujipanga kwenye bapa linaloigawa pembe ya mkunjo katikati kabisa, iwe ndogo au kubwa. Kila upande unakuwa na umbali uleule na gololi, kwa hiyo kasi zinalingana muda wote. Nadharia ilikuwa safi. Kuichonga mifereji ile kwa usahihi, tena kwa maelfu, na kwa bei ambayo mnunuzi wa gari dogo angeimudu, hilo lilisubiri miongo mingine.

André Citroën hakusubiri. Mwaka 1934 alitoa Traction Avant, gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, bodi yake imeunganishwa kuwa kitu kimoja bila chesisi ya kujitegemea, breki za haidroliki, kila gurudumu la mbele na springi yake. Lilikuwa chini kiasi kwamba magari ya wenzake yalionekana kama mabehewa. Pia lilitolewa kwa pupa, na jointi za magurudumu zikiwa miongoni mwa vitu vilivyosumbua magari ya mwanzo. Gharama za kulitengeneza na za kujenga upya kiwanda ziliimaliza kampuni. Kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa imefilisika na Michelin wakaichukua. Citroën mwenyewe alifariki Julai 1935. Gari lake likaendelea kutengenezwa hadi 1957, jambo linalokuonyesha nani alikuwa na haki. Lakini kwa swali letu, Traction Avant haikumaliza kazi: injini yake ilikuwa bado imelala kwa urefu, na giaboksi imetangulizwa mbele yake. Pua ilibaki ndefu.

Kilichoisukuma hatua iliyofuata ni mafuta. Julai 1956 Misri iliutaifisha Mfereji wa Suez, vita vikafuata, na mwisho wa mwaka huo petroli ikawa ya mgawo Uingereza. Barabarani vikajaa vigari vidogo vyenye umbo la yai, vingine vya magurudumu matatu. Leonard Lord, mkuu wa BMC, kampuni ya magari ya Uingereza, alivichukia, akamwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze gari dogo la kweli, la watu wanne, na atumie injini ambayo kampuni tayari ilikuwa nayo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu. Injini ilikuwa ya silinda nne. Ukiikingamisha inaingia kati ya magurudumu ya mbele, lakini ukiiongezea giaboksi kwenye ncha yake, haingii tena. Issigonis akaihamishia giaboksi chini, ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Zikawa ghorofa mbili. Jointi za gololi, ambazo sasa viwanda vya Uingereza viliweza kuzitengeneza kwa wingi, zikaingia kwenye shafti za magurudumu. Matairi yakafanywa madogo sana, ya inchi 10, yasile nafasi ya abiria, na badala ya springi za chuma mhandisi Alex Moulton akabuni za mpira. Gari hilo, ndiyo Mini, likatoka Agosti 1959 likiwa na urefu wa mita 3.05 tu, na takriban asilimia 80 ya sakafu yake ilikuwa ya watu na mizigo.

Siwezi kuficha kwamba nalipenda gari hili. Lilishinda mbio za rali ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967 likiwaacha magari yenye nguvu maradufu, na lilitengenezwa hadi mwaka 2000. Hata hivyo mtu akilisifia kwa ujanja wa ghorofa zake mbili, ajue pia gharama yake. Oili moja ilipaswa kulainisha injini na kuvumilia kusagwa na meno ya gia, kazi mbili zinazotaka oili tofauti. Nguvu ilishuka kutoka juu kwenda chini kupitia gia za ziada zilizopiga kelele. Distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, ilitazama mbele, nyuma tu ya wavu wa pua, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji yaliingia na gari likazimika. Ilikuwa akili nyingi ya kuzunguka tatizo ambalo bado lilikuwa pale pale: giaboksi iwekwe wapi?

Aliyelijibu ni Dante Giacosa wa Fiat. Huyu ndiye mtu aliyekwisha kuipa Italia Topolino mwaka 1936 na Fiat 500 mpya mwaka 1957, kwa hiyo magari madogo aliyajua. Aliona kwamba giaboksi inaweza kukaa palepale inapotakiwa, kwenye ncha ya injini, kwa mstari mmoja nayo, mradi isanifiwe fupi na difu isogezwe nyuma kidogo. Matokeo yake ni kwamba difu haiangukii katikati ya gari. Shafti moja inakuwa fupi na nyingine ndefu. Kwa macho ya mhandisi wa wakati ule, vitu viwili visivyolingana kushoto na kulia vilikuwa kama dosari. Giacosa alikubali kutolingana huko, na papo hapo injini ikapata oili yake, giaboksi ikapata yake, na kila kimoja kikaweza kufunguliwa bila kukigusa kingine.

Wakubwa wa Fiat hawakuwa na uhakika. Mwaka 1964 mpangilio huu ukajaribiwa kwenye Primula, gari la Autobianchi, kampuni ndogo ambayo Fiat ilikuwa mbia wake. Primula ikafanya vizuri kimyakimya. Ndipo mwaka 1969 Fiat ikatoa 128 kwa jina lake yenyewe, rejeta ikiwa mbele na feni yake ikizungushwa na mota ya umeme, kwa kuwa injini iliyokingama haiwezi kuizungusha feni hiyo moja kwa moja kwa mkanda. Fiat 128 ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya kwa 1970.

Baada ya hapo ni mafuriko. Honda Civic mwaka 1972. Volkswagen Golf mwaka 1974, kutoka kampuni iliyokuwa imeishi miaka yote kwa injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Ford Fiesta mwaka 1976. Aina nyingi za Toyota Corolla kuanzia 1983. Na BMW ilipolifufua jina la Mini mwaka 2001, gari jipya lilikuja na giaboksi kwenye ncha ya injini, kwa mpango wa Giacosa. Mini yenyewe ilimwacha Issigonis.

Kwa nini viwanda viliupenda hivyo? Nafasi ya abiria ni sababu inayotangazwa, lakini mimi naona ya kiwandani ilikuwa na uzito zaidi. Mhimili wa injini iliyokingama unazunguka uelekeo wa magurudumu, kwa hiyo gia za kawaida zinatosha. Injini, giaboksi na difu huunganishwa kuwa mzigo mmoja, kisha mzigo wote hupandishwa kutoka chini na kufungwa kwenye bodi kwa mpigo. Muhimu kuliko yote, kila kinachosukuma gari kiko mbele ya miguu ya dereva. Nyuma ya hapo msanifu yuko huru: sehemu ileile ya mbele inabeba gari la mlango wa nyuma, la buti, la familia yenye viti vya safu tatu, au lile refu la kwenda juu linalojifanya la porini. Chrysler walipotoa magari yao ya familia mwishoni mwa 1983, ile sakafu ya chini na bapa iliwezekana kwa sababu hiyo.

Hasara zipo, na fundi anazijua kuliko muuzaji. Chini ya boneti hapapitishi mkono. Injini ya silinda sita kwa mstari ni ndefu mno kukingama, ndiyo maana nyingi zikageuzwa kuwa za umbo la V. Shafti zisizolingana husababisha gari lenye nguvu kuvuta upande mmoja ukikanyaga mafuta kwa ghafla. Tena gari linapochomoka, uzito hurudi nyuma na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko wakati yanapouhitaji zaidi. Lori, ambalo mzigo wake uko nyuma, halina sababu yoyote ya kuvutwa kwa mbele.

Magari ya umeme yanaupangua mpango huu sasa. Mota ni ndogo kiasi cha kukaa katikati ya magurudumu yoyote mawili, na betri imetandazwa chini ya sakafu, kama Tesla ilivyofanya kwenye Model S mwaka 2012. Volkswagen ID.3, gari la umeme la ukubwa wa Golf lililoanza kufikia wateja mwaka 2020, mota yake iko nyuma, ikiyasukuma magurudumu ya nyuma. Ya mbele yamebaki na kazi ya usukani peke yake, na kwa kuwa hakuna shafti wala jointi ya kuyazuia, yanakunja zaidi: gari hilo linageuka ndani ya duara la mita 10.2.