Beringi Haisomi Kalenda: Dhana Potofu Kuhusu Sensa na Matengenezo Viwandani

"Injinia, hizo sensa zako ni za wenye hela. Sisi kila mwaka tukisimamisha kiwanda tunafumua kila kitu, tunafunga beringi mpya, basi mwaka mzima tunalala usingizi." Sensa hizo ni vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine kupima mtetemo na joto lake. Nimeyasikia maneno haya kwenye viwanda vya sukari, vya saruji, vya unga na vya maji ya chupa. Anayeyasema mara nyingi ni meneja makini, mwenye ratiba nzuri imebandikwa ukutani na stoo iliyopangika. Hapo ndipo panaponiudhi. Mzembe ningemwelewa.

Imani iliyo chini ya maneno hayo ni kwamba kila kipuri kina umri wake, na ukikitoa kabla ya siku yake umejikinga. Inaingia akilini haraka, tena vitabu vingi vya mashine vinaishadidia: badilisha kila saa 8,000, fumua kila saa 16,000. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya vipuri havifi kwa uzee.

Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United Airlines, waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti kuhusu jinsi vifaa vya ndege vinavyoharibika. Ni asilimia 11 tu ya vifaa hivyo vilivyoonyesha dalili ya kuchoka kadiri umri unavyosonga. Kwa asilimia 89 iliyobaki, kuweka tarehe ya kubadilisha hakukusaidia. Kuna namba nyingine inayoniuma zaidi: asilimia 68 vilikuwa kwenye hatari kubwa mara tu baada ya kufungwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Najua kiwanda si ndege. Kinu cha kusaga mawe kina sehemu nyingi za kulika, kwa hiyo asilimia zako zitakuwa nyingine. Lakini nionyeshe daftari la brekdauni la kiwanda chochote kinachofumua kila mwaka, kisha tuangalie pamoja wiki mbili za kwanza baada ya kuwasha. Kurasa huwa zimejaa.

Wala si habari mpya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasayansi C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za pwani za Uingereza. Ndege hizo zilifanyiwa ukaguzi mkubwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Mtu angetarajia hitilafu zipungue baada ya ukaguzi na ziongezeke kadiri ukaguzi unaofuata unavyokaribia. Takwimu zilionyesha kinyume: hitilafu zilipanda mara baada ya ukaguzi, kisha zikashuka taratibu. Mikono iliyokuwa inatengeneza ndiyo iliyokuwa pia inaharibu.

Kwetu inakuwaje? Mota imefanya kazi miaka minne, inatetema kidogo sana, haina kelele. Ratiba imesema ifunguliwe, inafunguliwa. Beringi nzima inatolewa kwa nguvu na kutupwa. Mpya inaingizwa kwenye shafti kwa nyundo inayopigwa kwenye pete ya nje, hivyo kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo ambavyo jicho halivioni. Boksi lilifunguliwa tangu asubuhi, vumbi la saruji limekwisha kuingia. Grisi iliyowekwa si aina ileile ya mwanzo. Mota inarudishwa kwenye besi, mguu mmoja haukai sawasawa, bolti zinakazwa hivyo hivyo. Kapulingi, kile kiungio cha shafti ya mota na ya mashine, inalinganishwa kwa rula, ilhali kwa mizunguko 1,500 kwa dakika tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita tayari ni nyingi. Saa kumi usiku meneja uzalishaji anapiga simu: "Mnamaliza lini?" Halafu beringi ikifa baada ya wiki tatu tunasema ni feki. Feki zipo sokoni, sikatai, lakini si kila kifo ni cha feki.

Hata umri unaoandikwa na mtengenezaji wa beringi haueleweki na wengi. Hesabu ya kawaida ya kimataifa hutaja muda ambao asilimia 10 ya beringi za aina moja, zikifanya kazi katika hali moja, zinatarajiwa kuwa zimeharibika. Asilimia 90 bado ziko hai siku hiyo, na ile ya katikati hufika takriban mara 5 ya muda huo. Kwa hiyo ukibadilisha zote kwa tarehe, unatupa nyingi nzima ili uwahi chache mbovu, na hizo chache huenda zilikufa kabla hujafika.

Kalenda ina kazi yake. Vichujio, mikanda, bitana za breki, nyundo za kinu na mabati ya kulika ndani ya chuti (mfereji wa kuteremshia malighafi) vina umri unaoweza kuupima. Ukaguzi wa kisheria wa boila, mitungi ya presha na vifaa vya kunyanyulia hauna mjadala. Fanya kwa tarehe yake. Ninachogombana nacho ni kuipa kalenda mamlaka juu ya mota, pampu, feni na gia ambazo zingeweza kuulizwa zenyewe.

Kuziuliza ndiyo kazi ya sensa. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) huzunguka kama mara 1,480 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde. Mtetemo mkubwa ukikaa kwenye hezi hizo 25, mshukiwa wa kwanza ni kitu kinachozunguka bila mizani. Ukijitokeza kwa nguvu kwenye 50, naanza kuangalia ulinganifu wa kapulingi. Beringi iliyoanza kuchimbika hujitokeza kwingine, kwenye vizidishio vya mzunguko visivyo namba kamili: beringi ya gololi 8 yenye kasoro kwenye pete ya nje huonekana karibu na mara 3.1 ya mzunguko. Tofauti hii ni pesa. Feni ya kuvuta moshi wa boila ikitetema kwa sababu majivu yameganda kwenye mapanga, dawa ni kukwangua mapanga. Ukibadilisha beringi umemletea mgonjwa shuka mpya, na miezi miwili baadaye utaibadilisha tena.

Ushauri wangu, na nitaurudia hata kwa asiyetaka: wiki nne kabla ya kusimamisha kiwanda, pima kila mashine muhimu. Fungua zile tu zilizotoa sababu. Nyingine zifute vumbi, kaza bolti, ziache. Ukishawasha, pima tena ndani ya wiki ya kwanza, maana hapo ndipo makosa ya ufungaji hujionyesha, na namba hizo ndizo utakazolinganishia mwaka mzima.

Dhana potofu nyingine nitazipitia haraka.

"Fundi wetu mzee akishika mota anajua." Mzee huyo namheshimu; anajua pampu ipi ilibadilishiwa impela mwaka gani, jambo ambalo programu yoyote hailijui. Ila mkono wa binadamu hauvumilii nyuzi 60 kwa muda mrefu, na kuna beringi zinazofanya kazi kwa amani kwenye nyuzi 70. Mkono utaiita nzima mgonjwa. Na joto ni dalili ya mwisho mwisho: kasoro huanza kwa sauti za juu zisizosikika kwa sikio, kisha mtetemo, kisha kelele, kisha joto. Bisibisi iliyogusishwa mashine na kuwekwa sikioni inawahi kidogo kuliko mkono, lakini bado imechelewa. Mpeni mzee kipimo, msimstaafishe.

"Sensa itatuambia siku ya kuharibika." Haitakuambia. Itakuambia hali ilivyo na inakoelekea. Pampu ambayo mtetemo wake umetoka milimita 1.2 kwa sekunde hadi 2.8 ndani ya wiki tatu inanitia wasiwasi kuliko ile iliyokaa kwenye 4 miaka miwili bila kusogea, japo jedwali la viwango linaweza kuiona ya kwanza nafuu. Faida unayonunua ni muda: kuagiza kipuri kikiwa bado kinaweza kuja kwa meli badala ya ndege, na kuchagua Jumapili ya kusimama badala ya kuchaguliwa na mashine.

"Tufunge kila mahali, tukifanya tufanye." Hapana. Pampu ndogo yenye mwenzake wa akiba pembeni iacheni ife. Ni uamuzi halali kabisa wa matengenezo. Anzeni na mashine ambazo zikisimama kiwanda kizima kinasimama. Na kila king'ora kiwe na jina la mtu. Nimeona skrini zenye taa nyekundu mia, na kila anayepita anazitazama kama mapambo.

"Mashine zetu ni za miaka ya sabini, hazifai kwa mambo ya kidijitali." Hapa huwa nacheka. Mhandisi T. C. Rathbone alichapisha viwango vya mtetemo wa mashine mwaka 1939, kabla ya kompyuta za kuuzwa madukani. Sensa inabandikwa juu ya nyumba ya beringi kwa sumaku au gundi. Haiulizi mota ilinunuliwa lini. Kinachonipa shida zaidi ni mashine mpya zenye inveta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), ambazo umeme wake hupita kwenye beringi na kuichora mistari kama bati la kufulia.

"Mtandao wetu ni mbovu." Kipimo kimoja cha mtetemo kila dakika 10 ni vipimo 144 kwa siku. Hata kila kimoja kikibeba baiti 100, siku nzima haifiki kilobaiti 15, chini ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa sekunde kumi. Laini ya simu inatosha, mradi kifaa kinachokusanya kina kumbukumbu ya kuhifadhi na betri ya kukivusha umeme ukikatika. Kilicho kizito ni mawimbi ghafi ya mtetemo. Hayo tumeni mara moja kwa siku, au pale tu kiwango kinapopanda.

"Grisi nyingi ndiyo uhai." Haihusu sensa moja kwa moja, lakini nusu ya king'ora za joto ninazoitiwa zinatokana nayo. Kuna kanuni rahisi ya kuongezea: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005, kwa milimita, unapata gramu. Beringi ya 6309 ina kipenyo cha 100 na upana wa 25, kwa hiyo inataka gramu 12.5. Pima kwa mizani ya dukani pampu yako ya grisi inatoa gramu ngapi kwa kila kubana, andika kwa rangi ubavuni mwake, na achaneni na "pampu mpaka itoke".

"Msaada wa mbali utawafukuza mafundi." Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, wataalamu wa watengeneza mashine walilazimika kuongoza kazi kwa video. Viwanda vilivyofaidika ni vile vilivyokuwa na fundi mwenye mita mkononi, michoro ya waya iliyosahihishwa, na nakala ya programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) iliyohifadhiwa nje ya mashine. Mtu wa mbali haoni uvujaji, hanusi waya ulioungua, hakazi bolti. Na asiruhusiwe kamwe kuwasha kitu: kufuli iliyowekwa na fundi kwenye swichi ndiyo yenye neno la mwisho.

"Hatujaunganisha na intaneti, kwa hiyo tuko salama." Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliziharibu mashine za kurutubisha urani za Natanz nchini Iran, mahali ambapo mitambo haikuwa imeunganishwa na intaneti, kinaaminika kuingia kwa flashi. Upande wa pili, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamishwa na wadukuzi Mei 2021, walioingia kupitia akaunti ya zamani ya kuingilia kwa mbali, isiyo na uthibitisho wa hatua ya pili. Kwa hiyo njia ya msaada ifunguliwe pale inapoombwa na ifungwe kazi ikiisha, kila mtaalamu awe na jina lake la kuingilia, na aliyeacha kazi afutwe siku hiyohiyo. Na ile kompyuta ya chumba cha kuendeshea mitambo, ambayo vijana wa zamu ya usiku wanaichomekea flashi za muziki, izibeni matundu yake.