Je, wajua ile Noah inakwambia nini ikiwashwa?

Wandugu, ukipanda Noah pale stendi Mtwara kwenda Masasi, dereva akiwasha tu unasikia sauti ya dada anaongea Kijapani kwenye dashibodi, na tushazoea hakuna hata anayeuliza. Gari nyingi zinasema "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa, na ETC ni mfumo wa kule Japani wa kulipia barabara bila kusimama getini.

Sentensi hiyo ndo ilinianzisha kujifunza Kijapani. Nipo Ligula hapa Mtwara, mwalimu sina, nina simu na daftari, na nikakuta kutamka kwetu sisi ni rahisi kuliko nilivodhani: irabu ni a, i, u, e, o, na hata wakikopa neno la Kiingereza wanalimalizia na irabu kama sisi, basi kwao ni basu, hoteli ni hoteru, gilasi ni gurasu. Ila chunga irabu ndefu, obasan ni shangazi, obaasan ni bibi.

Kazi ipo kwenye kuelewa, na nadhani hapa ndo wengi wanakata tamaa. Sisi tunakataa mwanzoni, ukisikia ile "ha" ya haijaingizwa ushajua ni hapana, Mjapani kitenzi anakiweka mwisho na kukataa anakuweka mwisho kabisa, ile "sen" ya imasen, kwahiyo inabidi uibebe sentensi yote kichwani mpaka amalize. Ukitafsiri neno kwa neno anakuacha.

Maandishi sasa. Herufi za silabi zipo seti mbili, hiragana 46 na katakana 46, wiki chache zinatosha ukiandika kwa mkono. Kanji, zile alama zinazobeba maana, ndo safari, zile za matumizi ya kawaida ni 2,136, alafu moja inasomwa namna zaidi ya moja maana walizichukua China na matamshi ya huko wakaweka na maneno yao: 山, mlima, ikiwa peke yake ni yama, kwenye Fujisan ni san. Ndo maana nakariri neno zima, sio kanji moja moja.

Na kitabu cha bure kipo mlangoni kwa dereva, ile stika ya upepo wa matairi: タイヤ ni taiya, tairi, 空気圧 ni kuukiatsu, mgandamizo wa hewa, 前 mbele, 後 nyuma. Juzi jirani kanifungulia mlango wa Noah yake nikamsomea yote, akaenda moja kwa moja kujaza upepo.